Kichocheo cha Stani: Kugeuza Kaboni Dioksidi kwa Umeme katika Maabara ya Shule, Kisii na Nyamira

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa kemia au kiongozi wa chama cha sayansi, awe Kisii mjini, Ogembo, Keroka au Nyamira. Ukiufuata utapata kipande cha shaba kilichopakwa stani ambacho, kikipitishiwa umeme ndani ya maji yaliyojaa kaboni dioksidi, hutengeneza fomati, yaani chumvi ya asidi fomiki. Utapata miligramu kadhaa tu. Hata hivyo zinatosha kupimwa, na zinatosha kumwonyesha mwanafunzi namna uso wa metali unavyoamua mmenyuko uelekee wapi.

Jambo moja lijulikane mapema, kwa kuwa hatua zote zinalirudia. Adui wa kazi hii ni haidrojeni. Umeme ukiingia majini una njia mbili: kubadilisha kaboni dioksidi, au kupasua maji yenyewe na kutoa haidrojeni, na njia ya pili ni rahisi zaidi. Kichocheo kizuri huifanya iwe ngumu. Chuma huirahisisha, na sisi huku Gusii tunaishi juu ya udongo mwekundu uliojaa oksidi za chuma, chini ya paa za mabati yaliyopakwa zinki. Ndiyo maana utaona nimetumia maneno mengi kwenye usafi kuliko kwenye umeme.

Hatua ya 1: Amua zao kabla ya kuchagua metali

Mwaka 1985 Yoshio Hori na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chiba, Japani, walichapisha matokeo ambayo bado ndiyo msingi wa fani hii. Walipitisha umeme kwenye metali mbalimbali ndani ya maji yenye bikaboneti, wakapima kila kilichotoka, na kazi yao ya miaka iliyofuata ikazigawa metali katika makundi manne. Dhahabu, fedha na zinki hutoa kaboni monoksidi. Stani, risasi, indiamu na bismuthi hutoa fomati. Chuma, nikeli na platini hutoa haidrojeni karibu tupu. Shaba iko peke yake: hutoa methani, ethilini, ethanoli na mengine. Mwaka 2012 watafiti wa Stanford walihesabu mazao 16 kutoka kwa shaba pekee.

Sababu ni jinsi metali inavyoshika molekuli, na hapa metali hutofautiana kama wenyeji wanavyotofautiana kwa mgeni. Dhahabu na fedha humwonyesha mgeni mlango kabla chai haijaiva: kaboni monoksidi ikishaundwa inaondoka. Platini na nikeli humng'ang'ania hadi nafasi yote ya kukaa inaisha, na kazi inayobaki ni haidrojeni peke yake. Shaba humshika kwa kiasi, akakaa muda wa kutosha kukutana na mgeni mwingine, na hapo ndipo minyororo ya kaboni mbili huzaliwa. Stani ina tabia yake: hushika kaboni dioksidi kwa upande wa oksijeni badala ya upande wa kaboni, kwa hiyo molekuli hupokea haidrojeni kwenye kaboni na kuondoka ikiwa fomati.

Kwa maabara ya shule uamuzi wangu ni stani, bila kusita. Mazao ya shaba mengi ni gesi zilizochanganyika, na kuzitenganisha kunahitaji mashine ambayo shule haina. Zinki na fedha hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu iuayo watu ndani ya vyumba vyenye jiko la makaa, usizijaribu darasani. Risasi ingefaa kikemia lakini ni sumu. Fomati hubaki majini na inaweza kupimwa kwa kemikali za shule. Hata stani hutoa kaboni monoksidi kidogo, kwa hiyo fanya kazi madirisha yakiwa wazi.

Hatua ya 2: Tafuta maji safi kuliko unavyodhani unahitaji

Maji ya chemchemi au ya mto yana chuma. Maji ya mvua yanayopita juu ya mabati na mtaroni yana zinki. Ukiwa na mtambo wa kukenekea maji, tumia maji yake. Kama huna, nunua maji ya betri kwenye kituo cha mafuta, au kinga mvua moja kwa moja kutoka angani kwa beseni la plastiki, mbali na paa, baada ya dakika za mwanzo kusafisha vumbi. Mvua hatuna shida nayo huku.

Yeyusha gramu 10 za bikaboneti ya potasiamu katika kila mililita 200 za maji hayo. Kama hakuna, gramu 8.4 za bikaboneti ya sodiamu, ile inayouzwa madukani ya kuokea keki, zitafanya kazi. Potasiamu ni bora kidogo kwa kuwa ioni zake husaidia kaboni dioksidi kwenye uso wa metali kuliko za sodiamu. Magadi ya mawe usitumie, yana kaboneti na uchafu mwingi. Chumvi ya mezani pia usiitie kabisa, kwa kuwa upande wa anodi itatoa klorini.

Sasa safisha mmumunyo kwa umeme. Tumbukiza waya wa shaba usioutaka tena uwe kathodi, na kijiti cha kaboni kiwe anodi. Unganisha betri mbili ndogo za redio zilizofuatana, na rezista ya ohmu 1,000 katikati. Acha usiku kucha. Ioni za chuma na zinki zitajibandika kwenye waya huo badala ya kukisubiri kichocheo chako. Asubuhi utoe waya huku umeme ukiwa bado unapita. Ukizima kwanza, ulichokinasa huanza kuyeyuka kurudi majini. Hori mwenyewe alionyesha kwamba elektrodi nyingi za shaba zilizosemekana kuchoka baada ya dakika chache zilikuwa zimefunikwa na uchafu wa chuma na zinki uliotoka kwenye kemikali za maabara, na dawa aliyoipendekeza ni hii hii.

Hatua ya 3: Andaa shaba

Nenda kwa fundi anayesuka upya mota za umeme, umwombe waya wenye unene wa milimita 1. Sentimita 32 za waya huo zina eneo la sentimita mraba 10, na hesabu zote zinazofuata zinategemea eneo hilo. Acha kipande cha ziada cha kushikia, ambacho hakitaingia majini.

Waya wa mota umepakwa vanishi. Wengi huiondoa kwa moto. Usifanye hivyo, moto huacha masizi na oksidi nyeusi. Kwangua kwa msasa mpya hadi shaba ing'ae pande zote. Usitumie chuma cha nyuzi cha kusugulia sufuria, maana kila mkwaruzo wake huacha chuma. Kisha zamisha waya dakika moja katika asidi haidrokloriki iliyozimuliwa, usuuze mara kadhaa kwa maji ya betri, uuviringishe uwe springi iliyo wazi. Kuanzia hapa usiushike kwa vidole vitupu.

Hatua ya 4: Paka stani, na uhesabu unene

Hii ndiyo hatua ya usanifu wenyewe, kwa hiyo tutakaa hapa kidogo.

Stani tunayoizungumzia ni ile metali laini iliyo kuu katika waya wa solda wa mafundi wa redio na simu. Lakini solda ya zamani ina risasi karibu asilimia 40. Tafuta isiyo na risasi; iliyo ya kawaida ina stani asilimia 99.3 na shaba 0.7, na kifungashio huonyesha. Yeyusha kipande chake kwenye kijiko cha zamani ili nta ya ndani ielee na kuondolewa, kisha umimine stani iwe kijiti. Hiyo ndiyo anodi ya kupakia.

Mmumunyo wa kupakia: gramu 2 za kloridi ya stani, ile ya stani (II) iliyo kwenye makabati ya maabara nyingi, ndani ya mililita 100 za asidi haidrokloriki ya mola 1. Vaa miwani na glavu. Stani haitajipaka yenyewe juu ya shaba kama shaba inavyojipaka juu ya msumari. Shaba haina nguvu ya kuifukuza kutoka majini. Lazima umeme.

Chanzo cha umeme kitengenezwe na fundi wa redio kwa dakika chache: kidhibiti LM317 kilichofungwa kama kidhibiti cha mkondo, kikilishwa na betri ya volti 12. Rezista ya ohmu 12 hutoa miliampia 104 hivi, na ya ohmu 27 hutoa miliampia 46. Ya kwanza ni ya kupaka, ya pili ni ya kuendesha mmenyuko. Thibitisha kwa multimita.

Miliampia 104 juu ya sentimita mraba 10 ni takriban miliampia 10 kwa kila sentimita mraba. Kwa sekunde 100, kila sentimita mraba hupokea chaji ya kulombu 1, na kulombu 1 huleta stani yenye unene wa maikromita 0.84, iwapo umeme wote umetumika kupaka. Paka kwa sekunde 120. Rangi ya shaba itatoweka na uso kuwa kijivu hafifu, pengine wenye vinyoya. Vinyoya vilivyolegea vitikise vidondoke.

Kwa nini kuhesabu kwa makini hivyo? Mwaka 2017 watafiti wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walichapisha kazi juu ya chembe za shaba zilizovikwa oksidi ya stani. Ganda la nanomita 0.8 lilitoa kaboni monoksidi. Ganda la nanomita 1.8, tofauti ya tabaka chache tu za atomu, lilitoa fomati. Shaba iliyo chini huisumbua stani iliyo juu, na ganda likiwa jembamba mno usumbufu huo hubadilisha zao lote. Sisi tunapaka maikromita nzima, mara mamia ya unene huo, ili shaba isisikike tena. Lakini ukiacha doa lisilofunikwa, doa hilo litafanya kazi yake kivyake. Kagua springi kwa lenzi.

Suuza, uache ikauke hewani usiku mmoja, na usiing'arishe tena. Mwaka 2012 Chen na Kanan wa Stanford walionyesha kwamba utando mwembamba wa oksidi juu ya stani ndio unaosaidia kazi. Walipouondoa kwa asidi, sehemu kubwa ya umeme ilienda kwenye haidrojeni. Mwanafunzi mwenye bidii ya kusugua ataharibu elektrodi nzuri.

Hatua ya 5: Tenganisha pande mbili

Fomati ikifika kwenye anodi itaunguzwa na kurudi kuwa kaboni dioksidi. Kwa hiyo lazima kuwe na ukuta unaopitisha ioni bila kuruhusu maji kuchanganyika haraka. Utando wa kitaalamu ni ghali. Badala yake, chukua kichujio cha kauri cha maji ya kunywa, kile cheupe chenye umbo la mshumaa, kisicho na mkaa wala fedha ndani. Ondoa kitako cha plastiki na ubaki na kikombe cha kauri. Kichemshe kwenye siki, kisha kwenye maji safi mara mbili.

Ndani ya kikombe weka mmumunyo ule ule wa bikaboneti na kijiti cha kaboni kutoka betri kavu iliyokwisha, baada ya kukichemsha kwenye asidi na kukisuuza, maana huja na manganizi na zinki. Vumbi jeusi litakalodondoka litabaki kikombeni. Simamisha kikombe katikati ya gilasi pana, na springi ya stani ikizunguke kwa nje.

Kifuniko chenye matundu kinaweza kuchongwa kwa jiwe la sabuni huko Tabaka. Jiwe la sabuni halipitishi umeme, hukatika kwa kisu, na tangu zamani maabara za ng'ambo zilitengeneza meza na masinki kwa jiwe la jamii hiyo. Chagua jeupe. Rangi ya waridi na ya kahawia kwenye mawe hayo kwa kawaida huletwa na oksidi za chuma, na hizo hatuzitaki juu ya gilasi yetu. Libaki juu tu, lisiguse mmumunyo.

Hatua ya 6: Lete kaboni dioksidi

Moshi wa bomba la kiwanda cha chai, Kebirigo au Sanganyi, unavutia kwa hotuba lakini haufai hapa. Kaboni dioksidi yake imechanganyika na naitrojeni nyingi, masizi, na oksijeni iliyobaki, na oksijeni hunyakua umeme kabla ya kaboni dioksidi. Mitungi ya gesi safi ipo. Kampuni ya Carbacid huichimba kutoka ardhini Kereita, Lari, na mafundi wa kulehemu huitumia. Kwa shule, hamira inatosha. Gramu 100 za sukari nguru kwenye chupa ya maji ya uvuguvugu pamoja na kijiko cha hamira hutoa zaidi ya lita 20 za gesi, taratibu, kwa siku kadhaa. Ndizi zilizoiva kupita kiasi zilizopondwa nazo hufanya kazi, ila povu lake ni balaa.

Pitisha gesi kwenye chupa ya maji yenye bikaboneti, kisha chupa ya maji matupu, ndipo iingie kwenye gilasi kwa mrija wa dripu. Chupa hizo huzuia povu na sehemu kubwa ya ethanoli. Subiri saa moja kabla ya kuunganisha ili hewa ya ndani ifukuzwe, na usizibe chombo. Gesi lazima iwe na pa kutokea.

Mwinuko wetu nao una hesabu yake. Mjini Kisii, takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, shinikizo la hewa ni kama asilimia 82 ya lile la Mombasa, na ukipanda Keroka linapungua zaidi. Gesi inayoyeyuka hupungua kwa kiwango hicho hicho. Pwani, kwenye nyuzi 25, lita moja ya maji hushika takriban milimoli 34 za kaboni dioksidi safi. Kisii kwenye joto hilo ni 28. Lakini baridi inaturudishia: kwenye nyuzi 20 tunapata kama 32. Fanya jaribio asubuhi, mbali na dirisha lenye jua.

Hatua ya 7: Washa, na usiwe na tamaa

Pulizia gesi nusu saa kabla ya umeme. Kisha unganisha springi kwenye hasi na kaboni kwenye chanya, ukitumia rezista ya ohmu 27. Ni miliampia 4.6 kwa kila sentimita mraba. Gesi iendelee kububujika muda wote.

Utashawishika kuongeza mkondo ili uone vitu vingi zaidi. Vitakavyoonekana ni viputo vya haidrojeni. Kaboni dioksidi iliyoyeyuka hufika kwenye metali kwa mwendo wake, na katika gilasi ya namna hii haiwezi kulisha zaidi ya miliampia 10 hadi 20 kwa kila sentimita mraba. Umeme wa ziada huenda kwenye maji. Hori alitumia miliampia 5, na stani yake ilipeleka asilimia 88 hivi ya umeme kwenye fomati. Chuma katika vipimo vyake hivyo hivyo kilipeleka karibu asilimia 95 kwenye haidrojeni. Endesha kwa saa 2. Rekodi volti za chombo kila robo saa; zikipanda ghafla, kagua kama kikombe kimeziba au kaboni imekatika.

Hatua ya 8: Pima bila kujidanganya

Toa springi kabla ya kuzima. Chota mililita 10 za upande wa kathodi, uzichemshe hadi zibaki 5: ethanoli yoyote iliyopenya kutoka kwa hamira itaondoka na mvuke, na fomati, ikiwa chumvi, itabaki. Rudisha ujazo hadi 10, tia asidi ya salfa iliyozimuliwa kidogo kidogo hadi mchemko wa povu uishe, pasha joto hadi nyuzi 60, kisha dondosha pamanganeti ya potasiamu hafifu. Fomati huiondolea zambarau yake. Hesabu matone hadi rangi ikatae kupotea.

Peke yake hilo halithibitishi kitu, kwa kuwa vitu vingi huondoa rangi ya pamanganeti. Andaa gilasi ya pili yenye mmumunyo ule ule, gesi ile ile na springi ya stani, ila bila umeme, kwa muda ule ule. Matone yake uyatoe kwenye hesabu. Andaa pia kipimo: gramu 0.68 za fomati ya sodiamu kwa lita moja ni milimola 10, nawe utajua tone moja lina thamani gani. Majaji wa maonyesho ya sayansi ya shule huuliza kuhusu gilasi hiyo ya pili kabla ya chochote kingine, na wana haki.

Hesabu ni hii. Miliampia 46 kwa saa 2 ni kulombu 331. Kila molekuli ya fomati hutumia elektroni 2, kwa hiyo kiwango cha juu kabisa ni milimoli 1.72, sawa na miligramu 77. Tuseme upande wa kathodi una mililita 200 na umepata milimola 4: hiyo ni milimoli 0.8, yaani asilimia 47 ya umeme imefanya kazi uliyoitaka. Kwa springi ya kwanza ya shule, ningefurahi.

Kwa ufanisi wa nusu na volti 3, kilo moja ya asidi fomiki ingekula umeme wa kilowati-saa 7 hivi. Asidi hiyo ndiyo hutumika ng'ambo kuhifadhia sileji, kwa kilo chache kwa tani. Mfugaji wa Borabu mwenye matete ya kuhifadhi atakwambia molasi ni rahisi zaidi, na yuko sahihi.

Hatua ya 9: Soma elektrodi, kisha badilisha kitu kimoja

Matokeo yakiwa duni, springi yenyewe itakueleza. Madoa ya kutu au ya hudhurungi ni chuma: rudia hatua ya 2. Wekundu wa shaba unaochungulia ni upakaji mbovu: rudia ya 4. Weusi wa unga ni kaboni iliyovuka kutoka anodi, au metali chafu za kijiti cha betri. Springi ikiwa safi lakini matone ni machache, kagua gesi.

Jaribio la pili libadilishe jambo moja pekee. Ningeanza na muda wa kupaka: sekunde 30, 120 na 300, kwa springi tatu. La tatu liwe la shaba tupu isiyopakwa, ambayo nayo hutoa fomati kidogo, ili wanafunzi waone stani imeongeza nini. Mwenye hamu ya kwenda mbali zaidi, kwa mfano bismuthi au kupima gesi zinazotoka, apeleke springi zake na daftari kwa idara ya kemia ya chuo kikuu kilicho karibu. Chuo Kikuu cha Kisii kiko mjini.

Mmumunyo wa kupakia hifadhi kwenye chupa yenye kipande cha stani ndani, ili usioksidike. Ukifika mwisho wake, uuzime kwa bikaboneti, chuja tope jeupe, likauke na liwekwe kwenye kopo la taka za maabara, lisimwagwe shambani. Kila springi ifungwe kwa karatasi safi, na juu yake pawe na tarehe, sekunde za kupaka, mkondo na idadi ya matone.